Hukumaliza kidato cha nne? Jisajili mapema, na ujisajili mwenyewe

Kila dirisha la usajili wa watahiniwa wa kujitegemea, yaani wanaofanya mtihani wa kidato cha nne bila kuwa wanafunzi wa shule, linapofungwa, malalamiko ni yale yale: fedha alipewa mtu aliyedai ana mwenzake kituoni, na jina halipo kwenye orodha. Hapa Dodoma, jiji lililohesabiwa watu 765,179 katika sensa ya 2022 na linaloendelea kupokea wanaofuata kazi Mtumba na Msalato, wanaoangukia mikononi mwa vishoka si wachache.

Vyuo vya UDOM, St. John's, Mipango na CBE viko hapa hapa jijini. Lakini ngazi ya astashahada huhitaji angalau ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, ya dini hayahesabiwi, na kozi kama za afya hutaja masomo yake. Kwa hiyo anza na hayo manne.

Aliyeishia darasa la saba huanza na Mtihani wa Maarifa, yaani QT. Tunalieleza hili kila mwaka na bado halijaeleweka: QT si cheti cha kidato cha nne. Ukifaulu, unajisajili upya kufanya mtihani wenyewe wa kidato cha nne. Anayekuahidi vyote viwili kwa mkupuo mmoja anakudanganya. Umri nao si kikwazo. Mama mwenye wajukuu anakaribishwa.

Usajili hufanyika mwanzoni mwa mwaka, mtihani ni Novemba. Fika mwenyewe kwenye kituo utakachofanyia mtihani. Namba za vituo vya kujitegemea huanza na herufi P. Utapewa namba rejea, utajaza taarifa zako mtandaoni na kuweka picha. Malipo yote hupitia kumbukumbu namba ya malipo (control number), kamwe si fedha mkononi. Hakikisha majina yanafanana herufi kwa herufi na yale ya darasa la saba: aliyeandikwa Mwajuma asijaze Mwanajuma, kwa sababu marekebisho baadaye ni usumbufu mkubwa. Kagua masomo uliyochagua kabla ya kuthibitisha. Ukichelewa, utalipa ada pamoja na faini. Muda wa faini ukipita, unasubiri mwaka mwingine. Atakayebainika kufanya udanganyifu atafutiwa matokeo, na anayemfanyia mwenzake mtihani atakabidhiwa kwa vyombo vya dola.

Binti aliyekatisha masomo kwa ujauzito anaruhusiwa tangu Novemba 2021 kurejea shule ya mfumo rasmi. Wazazi, tafadhali, msikimbilie kumpeleka masomo ya jioni kana kwamba haki hiyo hana. Anzeni kwa mkuu wa shule aliyokuwa akisoma.

Na fundi aliyejifunzia kazini, awe mwashi, seremala, mpishi au fundi magari, hana sababu ya kurudi darasani miaka miwili ili tu apate cheti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: unapimwa kwa kazi unayoifanya, mapungufu yakionekana unapewa mafunzo mafupi, kisha unatunukiwa cheti. Nawasihi mafundi wetu waitumie nafasi hii, maana wapo wenye mikono mizuri sana wanaobaki vibarua kwa kukosa karatasi moja tu.

Kabla ya kulipia kituo chochote cha masomo, muulize Afisa Elimu Kata kama kimesajiliwa. Kuuliza ni bure.