Hofu Haisubiriwi Iishe: Dhana Potofu Kuhusu Woga na Mipaka Tunayojiwekea

Dhana: Mtu huanza kutenda baada ya hofu kumtoka.

Ukweli: Mambo huenda kinyume cha hapo. Anayelikwepa jambo analoliogopa hupata nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayoilisha hofu, kwa kuwa mwili hujifunza kwamba kukimbia ndiko kulikouokoa, wala haupati nafasi ya kuona kwamba pengine lile baya lililoogopwa lisingetokea. Ndiyo maana wanasaikolojia wanaotibu hofu kubwa humsogeza mtu, kwa ridhaa yake na hatua kwa hatua, karibu na kile anachokiogopa.

Mimi nililielewa jambo hili majini. Nimekulia Pwani, lakini hadi nilipofikisha miaka 34 bahari kwangu ilikuwa ya kulowesha miguu tu, na kila nilipoalikwa kuingia sikukosa udhuru: mafua, nguo, simu za wenzangu zinazohitaji mlinzi. Kijana aliyenifundisha kuogelea hakunitaka niwe jasiri. Alinisimamisha mahali ambapo maji yalinifika kifuani, akasema, "Mjomba, zamisha uso, toa pumzi kwa pua, hesabu hadi tano, halafu inuka." Siku ya kwanza niliishia mbili, na wiki nzima hatukufanya lingine. Hofu ilipungua, haikwisha. Hadi leo mchanga ukiniponyoka chini ya nyayo, tumbo hukaza kidogo kabla mikono haijashika kazi yake.

Dhana: Kuogopa ni aibu.

Ukweli: Wazee waliosema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio hawakuudharau woga. Bahari huua, na aliyeniambia nihesabu hadi tano alijua hivyo kuliko mimi.

Dhana: Mipaka yote imo kichwani.

Ukweli: Baadhi imo, na hapa wahamasishaji huongeza chumvi. Hadithi waipendayo ni ya Roger Bannister, mwanafunzi wa udaktari wa Uingereza ambaye tarehe 6 Mei 1954, mjini Oxford, alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 59.4, akawa wa kwanza kushuka chini ya dakika 4. Inasimuliwa kwamba baada ya watu kuona kuwa inawezekana, kufuli la akilini lilifunguka na wakimbiaji wengi wakafuata mwaka uleule. Hawakufuata. Kabla ya mwaka 1954 kwisha ni mtu mmoja tu mwingine aliyeweza, John Landy wa Australia, siku 46 baadaye, naye alikuwa akiikaribia rekodi hiyo tangu zamani. Bannister mwenyewe alikuwa na mazoezi ya miaka na wenzake wawili waliomwongozea mwendo siku ile. Imani ilikuwapo, lakini haikukimbia peke yake, na kumwambia mtu asiye na nauli kwamba kikwazo chake ni fikra zake ni kumtwisha lawama isiyo yake.

Dhana: Aliyekata tamaa amejifunza kukata tamaa.

Ukweli: Wanasaikolojia wa Marekani Martin Seligman na Steven Maier walidhani hivyo baada ya majaribio yao ya miaka ya 1960, ambapo mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia waliacha hata kujaribu kutoroka pale njia ilipokuwapo. Mwaka 2016 wenyewe waliigeuza nadharia yao: kulegea mbele ya mateso ya muda mrefu ndiyo hali ya asili, na kinachofunzwa ni kwamba tendo langu linaweza kubadili kitu. Nilipolisoma hilo nilikumbuka ile hesabu ya hadi tano.

Dhana: Umri ukipita, umepita.

Ukweli: Januari 2004, karibu na Eldoret nchini Kenya, Kimani Maruge aliandikishwa darasa la kwanza akiwa na miaka 84 kwa hesabu yake, akiwa amevaa kaptula na soksi ndefu kama watoto aliokaa nao. Kwanza ulikuwapo ukuta halisi, ada, ambao serikali iliuondoa mwaka 2003 ilipofanya elimu ya msingi kuwa ya bure. Uliobaki ulikuwa ukuta wa macho ya watu, na huo hakuna serikali ambayo ingemwondolea. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York kuutetea mbele ya Umoja wa Mataifa mpango huo wa elimu ya bure. Ghasia za baada ya uchaguzi wa mwishoni mwa 2007 zilimfanya mkimbizi katika nchi yake, naye hakuacha masomo. Alifariki Agosti 2009, kabla ya kumaliza shule ya msingi.