Naanza na tiketi, bango linafuata

Mteja akiniletea kazi ya maonyesho ya michoro kwenye makumbusho, anachotaka kuona kwanza ni bango. Mimi naanza na tiketi. Tiketi ni ndogo, haina pa kujificha. Picha ikisomeka kwenye kikaratasi kile, kwenye bango la A2 ukutani pale Mwanga, hapa Kigoma mjini, itasomeka tu. Ukianza na bango kisha ukalipunguza, unabaki na tiketi iliyojaa vijidudu.

Ugomvi wa kwanza huwa ni picha. Hapa Kigoma ukitaja makumbusho mtu anawaza Ujiji, na akishawaza Ujiji anataka ule mwembe wa kumbukumbu, au wasafiri wa Kizungu Livingstone na Stanley wakisalimiana. Ni kweli walikutana pale mwaka 1871, na wageni wengi wanakuja kwa sababu hiyo. Lakini kama kilichotundikwa ndani ni michoro ya vijana wa leo, bango la mwembe linaua maonyesho: mwenyeji aliyekwisha kuuona mwembe atapita zake.

Ombi la pili ni kwamba kila msanii awemo. Matokeo yake ni picha kumi zilizobanana kama dagaa kwenye gunia, na mtu wa bodaboda haoni hata moja. Chukua mchoro mmoja, tena usiutie wote. Kata kipande: kasia, jicho la samaki mgebuka, mkono wa mama anayeanika dagaa. Majina ya wasanii yakae chini kwa mpangilio wa alfabeti, ukubwa uleule. Hapo hakuna wa kununa.

Kupiga picha ya mchoro ni kazi yenyewe. Wachoraji wengi wanatumia rangi za mafuta za kopo zinazong'aa, za jamii ile aliyotumia mchoraji Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Ukiwasha flashi unapata doa jeupe katikati. Mimi nautoa mchoro barazani, kivulini, kamera ikiutazama sawasawa bila kuinama. Ikibidi iwe ndani, weka taa mbili, moja kila upande, kwa nyuzi 45.

Kisha rangi, na hapa ndipo watu wanalia. Michoro ya kwetu ina chungwa la mawese na buluu ya ziwa. Skrini inazionyesha vizuri kwa sababu inachanganya mwanga. Mashine ya kuchapa inachanganya wino wa samawati, majenta (wekundu wa kuelekea waridi), njano na mweusi, na wino hizo nne hazifiki kwenye chungwa kali wala buluu kali. Chungwa linakuwa la udongo, buluu inavuta kwenye zambarau. Hakuna mchapaji wa kulaumiwa hapo. Geuza faili kwenda rangi nne mapema, chapa kipande kidogo, mwonyeshe mwenye mchoro akubali au akatae kabla ya kuchapa kazi yote.

Jua nalo lina lake. Majenta na njano hufifia kabla ya samawati na nyeusi, ndiyo maana bango likikaa sana juani linageuka la kibuluu. Wateja wanapenda tarehe iwe nyekundu. Mimi naiandika kwa nyeusi, pamoja na mahali na kiingilio, kwa sababu nyekundu, inayotokana na majenta na njano, ndiyo itakayoondoka kwanza. Kwa ukubwa wa herufi, kadirio langu ni sentimita 1 ya kimo kwa kila mita 4 za umbali.

Bango la kubandikwa Kibirizi, kwenye bandari ya maboti, lina jambo lake la ziada. Wanaoshuka kwenye maboti wametoka Burundi na mashariki mwa Kongo, ambako saa iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Andika "saa za Tanzania". Kwa watalii, ongeza 9:00 a.m. pembeni ya saa 3:00 asubuhi, la sivyo wapo watakaokuja alasiri.

Sasa tiketi yenyewe. A4 ukiikata vipande vinne sawa unapata tiketi za milimita 210 kwa 74, bila kutupa karatasi, ilimradi rangi isifike ukingoni. Ikifika, lazima uiongezee milimita 3 kila upande za kukatwa, na hesabu ya karatasi inabadilika. Robo ya tiketi ni kishina, kipande kinachobaki kwa mwuzaji. Kati ya kishina na sehemu ya mteja, mstari wa vitobo vya kuchania. Namba ya mfululizo iwe pande zote mbili, maana jioni mhasibu anahesabu vishina, hahesabu uzuri.

Usitumie karatasi ya kung'aa: muhuri unachafuka na kalamu inateleza. Watu wazima, wanafunzi na wageni wa nje watenganishwe kwa rangi ya karatasi, siyo kwa maandishi madogo. Anayekaa mlangoni aichomoe bila kusoma. Wino mweusi pekee juu ya karatasi za rangi tatu unatosha, na ni nafuu kuliko kuchapa rangi nne.

Faili la kwenda kwa mchapaji liwe PDF, fonti zimegeuzwa kuwa maumbo. Ukilituma kwa WhatsApp, litume kama dokumenti. Ukilituma kama picha linabanwa, na mchapaji atapokea ukungu. Kwa ajili ya status tengeneza toleo jingine, pikseli 1080 kwa 1920, lenye picha, tarehe na mahali basi.