Pareto: Namna ya Kulinda Sumu ya Ua Kutoka Shambani Hadi Guniani

Magunia mawili ya pareto kavu yanaweza kulingana kabisa kwenye mizani, kisha moja likawa na thamani kubwa kuliko jingine. Mnunuzi anafuata sumu iliyomo ndani ya ua, ambayo kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito wa ua kavu. Ndiyo inayokamuliwa kiwandani na kutiwa kwenye dawa za kuua mbu, nzi na wadudu wa mazao. Mkulima anaweza kupalilia vizuri, akachuma kwa wingi, halafu akaipoteza sumu hiyo nyumbani kwake katika siku mbili za uzembe wa kuanika.

Asili ya pareto ni pwani ya Dalmatia, ambayo leo iko Kroatia. Iliingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, ikaenea hadi nyanda za juu za Tanzania. Leo utaikuta Mufindi, Makete, Njombe na Mbeya, Molo na Nyandarua upande wa Kenya, na Musanze kule Rwanda. Maeneo yote hayo yana baridi. Mmea huu hauanzi kutunga maua mpaka upate wiki kadhaa za usiku wa baridi, chini ya nyuzi 16 hivi. Ukiupanda bondeni kwenye joto utastawi, tena majani yatapendeza, lakini maua utayasubiri sana. Ndiyo maana tunashauri mwinuko wa kuanzia kama mita 1,800, na mvua isiyopungua sana milimita 1,000 kwa mwaka.

Pareto ni mmea mgumu. Huvumilia ukame wa wiki nyingi na kuchipua tena mvua ikirudi. Adui yake mkubwa ni maji yanayotuama. Shamba likishika maji mizizi huoza, na mche uliooza mizizi hauna tiba, hivyo kwenye udongo mzito panda juu ya matuta. Mashamba yenye mwinuko hufaa, mradi mistari ikate mteremko ili mvua isiondoke na udongo.

Miche hupatikana kwa njia mbili: kuotesha mbegu kitaluni, au kugawa mashina ya zamani. Mimi napendelea kugawa mashina pale mkulima anapojua shina lipi limemzalia maua mengi, kwa sababu chipukizi hurithi tabia zote za mama yake, wakati mbegu huleta mchanganyiko. Lakini chipukizi hurithi pia shida za mama. Shina lenye vinundu kwenye mizizi limeshambuliwa na minyoo fundo; ukiligawa, unasambaza minyoo shamba zima. Ling'oe, ulichome moto.

Panda mwanzoni mwa mvua, sentimita 60 kati ya mistari na 30 kati ya mche na mche. Ekari moja itachukua miche kama 22,000. Weka mbolea ya fosfeti kwenye shimo, uichanganye na udongo kabla ya kuweka mche. Mbolea ya kukuzia itumike kwa kiasi, maana ikizidi, nguvu ya mmea huishia kwenye majani. Palizi ni lazima, hasa miezi ya mwanzo, kwa kuwa pareto ni fupi na magugu huifunika upesi. Usichanganye na mahindi. Kivuli hupunguza maua.

Wengi hushangaa kusikia kwamba mmea wenye sumu ya wadudu nao hushambuliwa na wadudu. Vithiripi na utitiri mwekundu huonekana zaidi wakati wa kiangazi. Kagua shamba mara kwa mara, na umwite afisa ugani kabla ya kununua dawa yoyote.

Sasa tuje kwenye kuchuma, ambako hasara nyingi huanzia. Sehemu kubwa ya sumu imo kwenye vijimbegu vilivyo chini ya kile kitovu cha njano. Petali nyeupe hazina kitu cha maana, na kikonyo vivyo hivyo. Chuma ua petali zake zikiwa zimelala sawasawa na mistari mitatu au minne ya vijiua vya njano, kuanzia ukingoni, ikiwa imefunguka. Likiwa bado changa sumu haijajaa. Likipitiliza, vijimbegu hupukutika. Pitia shamba kila baada ya wiki mbili au tatu. Chuma kichwa cha ua peke yake, umande ukishakauka, utie kwenye kikapu au tenga. Mfuko wa plastiki hutunza joto, na maua huanza kuchacha kabla hujafika nyumbani.

Yaanike siku ileile. Yatandaze kwa tabaka jembamba juu ya kichanja au turubai safi, uyageuze mara kwa mara, na uyaingize ndani mvua ikitishia. Wenye kaushio la moto wahakikishe joto halizidi nyuzi 60. Kilo nne hadi tano za maua mabichi hutoa kilo moja kavu. Ua lililokauka vizuri husagika ukilifikicha kwa vidole. Hifadhi mahali pakavu penye giza, kwa sababu mwanga na joto huendelea kula sumu hata ndani ya ghala, na usikae nayo miezi mingi ukisubiri bei. Anayewashwa ngozi kwa kugusa maua avae glavu na mikono mirefu.

Msimu wa maua ukiisha, kata mabua makavu yote karibu na ardhi kabla ya mvua, ili machipukizi mapya yapate nafasi. Shamba huzaa vizuri kwa miaka mitatu hadi minne. Baada ya hapo ling'oe lote, upande ngano au shayiri kwa misimu miwili kabla ya kurudisha pareto.