Waliohamishwa na vita vya Kony walikuwa jukumu la nani?

Bado wapo wanaosema kwamba Waacholi wa kaskazini mwa Uganda waliojazana kambini wakati wa vita vya kiongozi wa waasi Joseph Kony walikuwa jukumu la Umoja wa Mataifa. Si kweli. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 unamlinda aliyevuka mpaka. Aliyetoka kijijini akaishia kambi ya Pabbo hajavuka mpaka wowote. Wajibu wa kwanza kwake ni wa serikali yake, hata kama aliyemfukuza ni mwasi. Mkataba wa Kampala wa 2009, wa Umoja wa Afrika kuhusu watu waliohamishwa ndani ya nchi zao, unasema hivyo waziwazi.

Tena wengi hawakukimbia kwa hiari yao. Kuanzia 1996 jeshi liliwaamuru wahamie kambini, likiahidi ulinzi. Ukishamtoa mkulima shambani, chakula, maji na usalama wake viko mikononi mwako. Pabbo vibanda vya nyasi vilibanana hata moto ukishika kimoja, unaruka paa hadi paa. Na ulinzi wenyewe? Februari 2004 waasi waliua mamia ya watu kambini Barlonyo, karibu na Lira, palipolindwa na mgambo wachache tu.

Mashirika yalileta mahindi na maharage, na yaliokoa maisha ya wengi. Lakini msaada huo haukuifutia serikali deni lake, likiwemo la kuwarudisha watu makwao salama.