Barua za mshairi: maana yake na mahali zinapokaa

Wahakiki wanapotaja barua za mshairi, huwa na maana ya majibizano yote aliyokuwa nayo na mtu fulani kwa miaka, ambamo huwezi kuielewa barua moja sawasawa mpaka uwe umesoma ile iliyoitangulia na ile iliyoijibu.

Mfano ninaouthamini kuliko yote ni wa J. H. Prynne, mshairi Mwingereza wa Cambridge, ambaye mashairi yake ya majaribio hayampi msomaji kisa cha kufuata wala msemaji wa kumtambua. Mwaka 1961 alianza kuandikiana na Charles Olson, Mmarekani aliyeishi Gloucester, mji wa wavuvi katika jimbo la Massachusetts. Olson, aliyefariki Januari 1970, alikuwa akitunga shairi refu sana kuhusu mji huo, na alitaka kuwajua Waingereza waliovuka bahari kwenda kuvua huko katika karne ya 17. Prynne alimtafutia daftari za forodha za bandari ya Weymouth, Uingereza, akamnakilia habari zake na kuzituma kwa posta. Baadaye akampigia taipu mswada wa sehemu ya pili ya shairi hilo, iliyotoka London mwaka 1968. Kwangu mimi, kazi hiyo ya kunakili na kutuma ni sehemu ya utunzi wenyewe.

Barua kama hizi huitwa “binafsi”, na neno hilo nalo linataka uangalifu. Barua ikishapokelewa, karatasi ni mali ya aliyeipokea, lakini kwa sheria ya Uingereza hakimiliki ya maneno hubaki kwa mwandishi. Kwa hiyo barua za mtu hukaa kwa wenzake: nyaraka za Olson zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Connecticut, na anayeitafuta sauti ya Prynne huanzia huko. Mwaka 2017 Ryan Dobran alizihariri barua za pande zote mbili zikatoka katika kitabu kimoja.

Ukizisoma kwa mfululizo, utamwona Prynne akimweleza mwenzake waziwazi anachokisoma kuhusu asili ya maneno na historia ya ardhi. Mambo hayo ndiyo yaliyoingia katika diwani yake The White Stones ya mwaka 1969, ambamo shairi moja kuhusu enzi ya barafu linaishia kwa orodha ya maandiko ya jiolojia, kama vile mtu anayemwandikia rafiki atakayekwenda maktaba kuyatafuta.