Shangazi Naye Ahesabiwe

"Kansa ya matiti hufuata upande wa mama." Kauli hii inarudiwa mno hapa Dar, na inaumiza watu.

Jeni mbili, BRCA1 na BRCA2, zikiwa na hitilafu huongeza hatari ya kansa ya titi na ya ovari. BRCA1 iko kwenye kromosomu ya 17, BRCA2 kwenye ya 13. Hakuna iliyo kwenye kromosomu za jinsia. Baba mwenye hitilafu anaweza kumrithisha kila mtoto, wa kike au wa kiume, kwa uwezekano wa nusu, sawa kabisa na mama. Ila yeye mara nyingi haugui titi, basi hitilafu inapita kwake kimya na kuibukia kwa binti. Mwanamume mwenye hitilafu ya BRCA2 afuatiliwe tezi dume, na asipuuze uvimbe kwenye titi lake.

Kwa hiyo ukiulizwa historia ya ukoo, usiishie kwa mama mkubwa na mama mdogo. Taja shangazi wa tumbo moja na baba, taja bibi mzaa baba: aliugua nini, akiwa na umri gani, titi moja au yote mawili. Na "alikufa kwa tumbo" haitoshi! Tumbo lililojaa maji kwa mwanamke wa miaka 48 huenda lilikuwa kansa ya ovari, hata kama msibani ilisemwa ini, au amerogwa. Ukoo wa baba wenye wanaume watupu nao haukupi uhakika wowote.

Kipimo cha jeni hizi ni damu kidogo au mate. Aanze aliyeugua. Mzima akianza na asikutwe na kitu, hatujui kama amenusurika au hitilafu ya ukoo wake haionwi na kipimo hicho.

Jibu linalonisumbua zaidi ni badiliko lisilojulikana maana. Waafrika tunalipata mara nyingi zaidi, kwa kuwa kumbukumbu za kulinganishia zimejaa vinasaba vya Wazungu. Kwa jibu hilo peke yake, mtu asikatwe titi wala ovari. Hata makadirio ya BRCA1, wanawake 72 kati ya 100 wenye hitilafu kupata kansa ya titi na 44 ya ovari kufikia miaka 80, yametoka zaidi kwa familia za Wazungu. Nayataja kwa tahadhari.

Ovari hazina uchunguzi wa mapema wa kutegemewa. Ultrasaundi na kipimo cha damu cha CA-125 havitoshi. Mwenye hitilafu ya BRCA1 akimaliza kuzaa hushauriwa kuondoa ovari na mirija kati ya miaka 35 na 40. Wa BRCA2 anaweza kungoja hadi 40–45.

Ukikutwa na hitilafu, kaka zako nao wapewe nakala ya majibu. Wakipimwa, maabara itatafuta badiliko hilo hilo tu, kazi nyepesi kuliko kusoma jeni nzima.