Uso ukiharibika, nyama ya kuutengeneza iko mwilini mwako mwenyewe

Swali tunaloulizwa sana kliniki hapa Mombasa, awe ni kijana wa boda aliyeanguka bila helmeti ama mama wa Kisauni aliyemwagikiwa na mafuta ya viazi, ni moja tu: daktari, sura yangu itarudi? Jibu lake refu kidogo, kwahivyo naliandika hapa ili hata ambaye hajafika hospitali ajue kinachofanyika kule theta, yaani chumba cha upasuaji, na kwanini twamwambia arudi mara tatu nne.

Kwanza kabisa ni damu. Ngozi, nyama, mfupa, chochote tunachohamisha kuja usoni kitaishi kikipata damu na kikikosa kinaoza, hata daktari awe hodari vipi. Njia nyepesi ni kuchukua ngozi nyembamba ya paja tukaibandika kwenye kidonda, hio ni grafti, na haiji na mshipa wake, inategemea pale ilipowekwa kama mche uliohamishwa shamba, ndio maana kidonda kikiwa na usaha ama mfupa uko wazi haishiki. Kwa uso twapendelea ngozi ya nyuma ya sikio, tena ya unene wake wote sio ya kukwangua juu juu, sababu rangi inakaribiana na haijikunji sana.

Grafti isipotosha twatumia flapu, yaani kipande cha ngozi na nyama kinachokuja na mshipa wake wa damu. Chukua pua. Mtu amekatwa panga ama ametolewa saratani, tunapima pua tunaichora kwenye paji la uso, tunainua ile ngozi lakini tunaiacha imeshikana karibu na nyusi halafu tunaigeuza kuja chini. Wiki 3 hivi mgonjwa anakaa na kipande cha nyama kinaning'inia kati ya macho, na najua inauma moyoni, watu kwa matatu wanamkodolea, wagonjwa wengine wanaomba tukate haraka waende zao. Tukikata mapema pua inakufa. Ikishajitengenezea mishipa mipya kule chini ndio twaitenganisha. Mbinu hii imetoka India, Waingereza waliisoma kwenye gazeti la London mwaka 1794, karne nyingi baada ya Wahindi.

Vita vya kwanza vya dunia ndio vilisukuma kazi hii mbele, daktari Harold Gillies akiwatengeneza askari walioharibiwa nyuso vitani pale Sidcup, Uingereza, kuanzia 1917. Jamaa yake Archibald McIndoe akaendelea na marubani walioungua vita vya pili, na huyo McIndoe ndiye pamoja na Michael Wood na Tom Rees walianzisha madaktari wa ndege wa Afrika Mashariki mwaka 1957, leo twawajua kama AMREF. Wote watatu walikua wapasuaji wa aina hii, kwahivyo msione ni mambo mageni.

Taya ndio inanisumbua zaidi. Kuna uvimbe wa taya, si saratani ile ya kusambaa lakini unakula mfupa polepole bila maumivu, na watu wetu wanakaa nao miaka, wanafunika na leso ama buibui mpaka chakula hakipiti. Tukiutoa inabidi tutoe na mfupa. Hapo twachukua mfupa mwembamba wa mguuni, ule wa upande wa nje chini ya goti, pamoja na mshipa wake, tunaukata tunaupinda sura ya taya, tunaufunga na pleti za chuma cha titani, halafu mshipa wa milimita 2 ama 3 unashonwa na wa shingoni chini ya maikroskopu kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Ni kazi ya saa 8 mpaka 12. Siku za mwanzo nesi anaangalia rangi ya flapu kila saa, ikibadilika twarudi theta usiku huohuo. Na mguu? Utatembea, usiogope, uzito wa mwili unabebwa na ule mfupa mwingine. Ukija mapema uvimbe ungali mdogo pengine hata hatufiki huko.

Halafu mdomo sungura, yaani mtoto kuzaliwa na mdomo uliopasuka, tafadhali wazazi, si laana wala si kosa la mama. Mdomo unashonwa mtoto akifika kama miezi 3 akiwa na uzito mzuri, na kaakaa, yaani paa la ndani ya mdomo, likiwa limepasuka nalo linashonwa kabla ya mwaka na nusu ili aongee vizuri. Shirika la Smile Train hugharamia upasuaji huu hapa Kenya, uliza hospitali.

Kupandikizwa uso wa marehemu kama alivyofanyiwa mama mmoja Ufaransa 2005 kupo, lakini ni dawa za kushusha kinga maisha yote, si ya kukimbilia.

Sikio ama ncha ya pua ikikatika, ioshe kwa maji safi, funga kwa kitambaa safi chenye unyevu, weka ndani ya mfuko usiopitisha maji, mfuko ndio ukae juu ya barafu, nyama isiguse barafu, na mje mbio. Umeungua, maji baridi ya bomba dakika 20, dawa ya meno hapana. Sigara na shisha acha angalau wiki 4 kabla ya upasuaji maana zinabana mishipa. Na kama kwenu mnatoka makovu ya kuvimba, sema kabla hatujashika kisu, tuyapangie dawa mapema.